Kurasa Mia Nne za Mwalimu Bentancor

Mwalimu Heber Bentancor alifundisha kupiga taipu mjini Salto kwa miaka thelathini na miwili, na ungemuuliza angekwambia kwamba haijazaliwa mashine yenye vitufe ya kumshinda yeye. Angekwambia hayo akiwa amesimama mbele ya kompyuta yake ya nyumbani, mikono kiunoni, akingoja iwake.

Kompyuta ile ilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi aliibonyeza, akaenda jikoni, akachemsha maji, akajaza majani ya yerba, chai yao chungu, kwenye kibuyu, wakanyonya kwa mrija yeye na mkewe Mirta, mara mbili kila mmoja, kisha akarudi kuikuta bado imeandika "Karibu".

"Nishakaribia," aliijibu. "Wewe je?"

Hata hivyo, uvivu wa mashine ile ulikuwa umemfaa sana. Kwa miaka tisa Mwalimu alikuwa akiandika kitabu kuhusu chuo chake cha taipu, na mji mzima ulijua, kwa kuwa yeye mwenyewe aliutangazia. Akiulizwa dukani au kwa kinyozi, "Mwalimu, kitabu kimefika wapi?" alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Mimi niko tayari kitambo. Hiyo kompyuta ndiyo inayoniangusha."

Mwezi wa Mei, baridi ilipoanza kuingia, ukurasa wa kuomba miadi ya daktari wa macho ukakataa kufunguka. Kompyuta ikamweleza kwamba mfumo wake endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza nyingine zote, umepitwa na wakati, na inafaa aweke mpya.

"Mwite Zulma," Mirta alisema bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Zulma Techera? Yule wa vidole viwili?"

Zulma alikuwa na kibanda cha ufundi wa kompyuta karibu na uwanja wa mji. Mwaka wa themanini na tano alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na Mwalimu alimfelisha kwa sababu alitazama vitufe na kutumia vidole viwili tu, kama kuku anayedonoa mahindi.

"Kwa vidole hivyo hivyo viwili," Mirta alisema, "ametengeneza kompyuta za nusu ya mji huu."

"Basi abaki na nusu yake. Hii naiweza."

Akaanza Jumanne baada ya kifungua kinywa. Kompyuta ilimuuliza maswali mengi, naye akayajibu yote "Ndiyo", "Nakubali", "Endelea", kama bwana harusi mwenye haraka. Swali moja lilimshauri anakili kwanza mafaili yake kwenye flashi. Flashi alikuwa nayo, ila ilikuwa kwenye droo ya chini, na magoti yake hayapendi droo za chini. Akabonyeza "Endelea".

Ilipofika asilimia nne wakala chakula cha mchana. Ilipofika asilimia thelathini na saba akalala kidogo. Alipoamka ilikuwa asilimia thelathini na saba vilevile, na kwa nusu saa aliitazama akiwa amekunja uso, kama alivyokuwa akiwatazama wasichana wavivu zamani, akiamini kwamba jicho lake linaisukuma. Saa kumi na moja jioni kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaonyesha picha ya mlima wenye theluji ambao hakuna mtu wa Salto aliyewahi kuuona. Vitu vyake vyote havikuwapo. Akafungua mahali pa nyaraka. Pameandikwa: hakuna kitu humu.

Akapafunga, akapafungua tena.

"Mirta," aliita kwa sauti ndogo. "Kitabu kimekwenda."

Mirta alikuja akifuta mikono, akasoma yale maneno, akamwekea mkono begani. "Pole, mzee wangu. Pole sana." Na katika kupapaswa bega kule, Mwalimu Bentancor aliona jambo ambalo baadaye aliona haya kulikumbuka: kwamba chini ya huzuni kulikuwa na nafuu. Kitabu kimekwenda. Hakuna atakayekiulizia tena.

Kesho yake alikwenda klabuni, ambako wazee wa mtaa hucheza kuviringisha mipira ya mbao kwenye uwanja wa udongo. Aliwaambia kwa sauti ya msibani. Mchezo ukasimama. Nery Olivera, rafiki yake tangu shule ya msingi, mtu asiyejua kunong'ona, akavua kofia.

"Chote, Heber?"

"Chote."

"Kilikuwa na kurasa ngapi, ndugu yangu?"

Hapo Mwalimu angeweza kusema lolote. Angeweza hata kunyamaza. Alisema, "Kama mia tatu."

Kuanzia hapo pole zilimiminika, naye akazipokea kama mtu aliyezizoea. Wanafunzi wake wa zamani, sasa ni mabibi, walimsimamisha njiani na kumshika mikono. Kwa mwokaji mikate alipewa keki asiyoiagiza. Kwa mhudumu wa maktaba kurasa zilifika mia tatu na arobaini. Ijumaa redio ya mji ikampigia simu, na mtangazaji akamuuliza mtu huanzaje upya baada ya kupoteza kazi ya maisha yake. Mwalimu akavuta pumzi, akasema kwamba kurasa mia nne haziandikwi mara mbili, ila yeye anamsamehe fundi aliyebuni mfumo ule, popote alipo.

Mirta alizima redio. "Unamsamehe?"

"Ilinitoka tu."

"Heber, mimi ndiye ninayepanguza vumbi kwenye hiyo meza. Miaka tisa. Sijawahi kukusikia ukichapa zaidi ya dakika tano."

Mwalimu akachukua birika, akaenda kuchemsha maji.

Jumamosi saa nane mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Zulma Techera, bisibisi mfukoni, na nyuma yake Nery, aliyekutana naye njiani na kujialika mwenyewe.

"Nimekusikia redioni, Mwalimu," Zulma alisema. "Na mama hapa kanipigia simu. Ngoja niangalie."

"Usijisumbue, binti yangu. Kitabu kimefutika kabisa. Nimeshakubali."

"Uliifuta diski, au ulipandisha mfumo tu?"

"Kuna tofauti?"

Zulma akamtazama kwa upole wa mtu anayesikia swali hilo kila siku. Akaketi. Vidole viwili vikaanza kudonoa vitufe, ta, ta, ta, na Mwalimu akajikaza asimwambie anyooshe mgongo.

"Mfumo mpya ukiingia," Zulma alieleza, "vitu vyako vya zamani huviweka kwenye folda ya pembeni. Hapa ulijifungulia akaunti mpya kwa kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndiyo maana uliona patupu. Haya, hii hapa. Vyote vipo."

"Haiwezekani," alisema Mwalimu, na hofu iliyokuwa katika sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Kitabu kimepatikana!" Nery alipiga kelele, akamkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Mungu mkubwa! Fungua, Zulma, tuzione hizo mia nne!"

"Bado inaweza kuwa imeharibika," Mwalimu alisema. "Tusiiguse leo. Iache ipumzike."

Zulma alikuwa ameshaigusa. Pembeni ya skrini palikuwa na idadi ya kurasa, na wote wanne wakaisoma kwa pamoja. Kumi na moja. Mbili kati ya hizo zilikuwa shukrani. Ya mwisho iliishia katikati ya sentensi: "Asubuhi ile ya Machi nilipowafunika wasichana mikono kwa vitambaa ili wasitazame vitufe, nilihisi kwamba".

"Ulihisi kwamba nini?" Nery aliuliza.

"Sikumbuki," Mwalimu alisema. "Nilikwenda kuchemsha maji."

Mirta alikuwa ameuma midomo, mabega yakimtikisika. Zulma akajifanya anakaza skrubu isiyolegea. Mwalimu Bentancor alijiona kama alivyo, mzee wa miaka sabini na mbili aliyeombolezwa na mji kwa sababu ya shukrani kurasa mbili, na kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Wakacheka wote. Nery alikaa chini sakafuni kabisa.

"Na ulimsamehe fundi!" alisema Nery akijifuta machozi. "Redioni!"

"Nisamehe wewe kwanza, kisha nitamwomba na yeye anisamehe."

Zulma akasema kwamba, ilivyo, kompyuta itabaki na uvivu wake hata kwa mfumo mpya, maana diski yenyewe imechoka. Jumatatu alirudi na diski ndogo ya kisasa isiyozunguka, akaihamishia vitu vyote, na alipowasha, skrini ikawa tayari kabla Mwalimu hajafika mlango wa jikoni. Alisimama palepale, katikati ya chumba, hana mahali pa kwenda.

"Shida gani tena, Mwalimu?"

"Hakuna shida," alisema. "Hiyo ndiyo shida."

Jioni hiyo alikwenda klabuni kabla Nery hajamaliza kuisambaza habari, ingawa alimkuta tayari amefikia meza ya tatu. Akasimama akasema ukweli: kumi na moja, shukrani ndani yake. Walimzomea, wakampigia makofi, mmoja akadai arudishiwe pole yake. Kisha mama mmoja aliyeitwa Ofelia, mwanafunzi wake wa mwaka wa sabini na tisa, akasema, "Si utusomee basi hizo tisa zilizobaki?"

Akasoma. Kurasa alikuwa amekuja nazo mfukoni, zimechapishwa. Alipofika kwenye wasichana na vitambaa, Ofelia alimkatiza: vitambaa vile walivishona wenyewe, na yeye chake alikitoboa matundu mawili ya kuchungulia, na hakukamatwa hata siku moja.

"Hata siku moja?"

"Ulinipa tisa juu ya kumi, Mwalimu."

Akaitafuta kalamu mfukoni, akaandika hayo nyuma ya karatasi.

Jumapili ilinyesha, na kama ilivyo desturi siku ya mvua, Mirta alikuwa akikaanga mikate ya unga na mafuta, harufu ikajaa nyumba nzima. Kutoka chumba cha pili alisikia vitufe vikilia, vikinyamaza, vikilia tena, zaidi ya dakika tano, zaidi ya kumi. Akapeleka sahani, akaiweka mezani mbali kidogo na kibodi.

"Umefikia wapi?"

"Nusu," alisema Mwalimu.

"Nusu ya kitabu?"

"Nusu ya ukurasa," akasema, akachukua mkate wa moto akaung'ata.