Rafiki Yangu Anaamini Visu Alivyonifulia Niliwapa Wabaya Wake

Asalaam aleikum wanangu na wenzangu wa ukurasa huu. Jina langu lisitajwe, maana ninaowazungumzia bado wako hai. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, Mdigo, mzaliwa wa Likoni, na tangu usichana kazi yangu ilikuwa kupika kwenye maharusi. Kila siku nasoma humu visa vyenu vya waume na wakwe, nikajiambia changu hakina pa kuingilia, kwa kuwa ni kisa cha visu. Leo nimeshindwa kukaa nacho.

Mwishoni mwa miaka ya themanini alihamia mtaani kwetu fundi mmoja Mkamba, nitamwita Kilonzo, si jina lake. Alifua visu kwa springi za malori alizozipata kwenye magereji ya Magongo. Nikamwagiza kisu cha kukatia nyama ya biriani. Alipoleta, wallahi sikuweza kukitumia. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umesuguliwa ukang'aa, na ulinikaa mkononi sawasawa kwa sababu alikuwa amenipima kiganja kwa uzi kama fundi cherehani. Nikakitundika chumbani, nikaendelea kukatia nyama kisu cha dukani. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, "Wake za wenzangu wanakusanya vikombe vya kabatini, mimi wangu kanijazia visu juu ya kitanda. Siku tukigombana nitalala wapi?"

Kuna mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini ambao nikiukumbuka mpaka leo natabasamu peke yangu. Maharusi yalifuatana, na Kilonzo mkono wake ulikuwa umekomaa. Alinifulia kisu kirefu chembamba, akakivunja na kukirudia kwa kuwa mgongo wa kisu haukumridhisha. Akanitengenezea kingine kidogo cha kumenyea maembe, mpini wa mti wa mkorosho, chuma chake cheusi kwa kuzamishwa kwenye mafuta ya nazi kikiwa cha moto.

"Mama, hivi vitaoza ukutani," alinilalamikia. "Kisu kinataka kazi."

"Kazi yake ni kutazamwa, fundi. Wewe fua."

Mwaka huohuo mkewe alijifungua mtoto wa kike. Hawakuwa na jamaa karibu, basi nikamtunza mzazi mimi, uji na supu, mpaka akatoka arobaini. Kilonzo akaja na kisu ambacho sikuagiza, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Akaniambia, "Hiki si cha mteja. Ni cha dada yangu." Tangu siku hiyo hakuniita mama tena.

Kisha zikaja zile fujo za Likoni, mwaka wa tisini na saba. Watu wa bara wakawa wanafukuzwa, nyumba zinachomwa, watu tuliokula nao wanakimbia na watoto mgongoni. Kilonzo na familia yake waliwahi kukimbilia kanisani alfajiri. Mchana, kaka yangu mdogo wa tumbo moja akanijia na wenzake, wawili kati yao siwajui.

"Dada, tupe vile visu vyako."

Nikamtazama machoni, nikaona si yule niliyemlea. Nikamwambia, "Ngojeni hapo." Mume wangu akasimama mlangoni akiwapigisha maneno, nami nikavikusanya vyote kwenye kanga, nikapita uani, nikavitumbukiza chooni. Nilisikia vinagonga chini. Nikarudi. Kaka akaingia chumbani, akakuta misumari mitupu.

"Umewapelekea hao wabara?"

"Sina kisu."

Akatema mate sakafuni kwangu, wakaondoka.

Hali ilipotulia kidogo nilikwenda kule kanisani na sufuria la chakula. Shemeji yake Kilonzo, kaka wa mkewe aliyehamia kwao mtoto alipokuwa ameshazaliwa, alikuwa amekatwa vibaya, na baadaye alifariki. Mke wa Kilonzo akasema mbele ya watu wote kwamba kuna jirani aliyewaona vijana wakitoka nyumbani kwangu. Kilonzo akainuka.

"Dada, visu viko wapi?"

"Nimevitupa chooni."

"Visu vyangu? Chooni?" Akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Nani alikuja kuviomba?"

Pale palikuwa na askari wakitafuta majina, na watu wenye maiti zao. Nikamwona akilini mwangu kaka yangu akiburutwa. Nikafunga mdomo. Kilonzo akalirudisha sufuria langu mikononi mwangu, halijafunuliwa, akageuka. Wiki haikuisha wakapanda lori kurudi kwao. Sikuagiza kisu kingine maishani.

Sasa yule binti aliyezaliwa mwaka wetu wa furaha amenipata kwa simu. Anasema baba yake macho yamekwisha, hatoki kitandani, na jina langu haliishi mdomoni mwake. "Shangazi, baba hataki ugomvi. Anataka tu kujua nani alivichukua, apumzike."

Kaka yangu ni mzee sasa, wa kwanza kufika msikitini, wajukuu wamemzunguka. Nilipomweleza alilia. Aliniapia kwamba siku ile baada ya kutoka kwangu hakumgusa mtu. Sijui kama ni kweli, na sijawahi kumuuliza mara ya pili. Akaniambia, "Dada, ukinitaja umenizika. Mwambie hukuwajua."

Nikisema sikuwajua, nitakuwa nimemdanganya kipofu anayekata roho, aliyeniita dada kwa hiari yake. Nikimtaja kaka, binti atajua, na aliyefiwa na mjomba hawezi kuambiwa anyamaze. Na nisipokwenda, Kilonzo atakufa akiniona mimi ndiye muuaji.

Wenye hekima humu, na hasa nyinyi mliopoteza watu wenu siku zile, niambieni bila kunionea haya: nikikaa kando ya kitanda chake akaniuliza jina, nimpe au nimnyime?