Sifa za Mama Scolastika

Mama Scolastika wa Lupembe ana shamba dogo la chai na mdomo mkubwa. Mkwewe, Anyisile, alipofikisha miezi minane ya ujauzito, kila mpita njia alisimamishwa: "Mtazame mkwe wangu alivyonawiri! Nani alisema kwangu watu wanashinda njaa?"

Kweli, uso wa Anyisile ulikuwa umejaa. Miguu nayo ilijaa, hata akawa anavaa mabuti ya mumewe. Aliposema kichwa kinamuuma, mama alilaumu baridi, akamfunga kitambaa na kumwongezea uji. Alifanya kwa upendo, tusimseme sana.

Asubuhi moja walikuwa wakichuma, wakisubiri lori la kukusanya majani. Anyisile ni mchumaji safi kuliko wote pale: majani mawili na chipukizi, basi. Mama alipochungulia kapu lake alikuta majani magumu, vijiti, hata magugu.

"We Anyisile, leo unachuma nini?"

"Sioni vizuri, mama. Kuna vitu vinametameta machoni. Na hapa juu ya tumbo panabana."

Mama akamtazama upya. Kope zilikuwa zimevimba. Akambonyeza mkononi, na shimo la kidole likabaki palepale. Hofu ikamshika kweli kweli. Lori lilipofika, akamwambia dereva, Haruni, "Acha majani. Leo mzigo wangu ni huyu, tupeleke kituo cha afya."

Kituoni presha ilikutwa mia na sabini kwa mia na kumi, na mkojo ulikuwa na protini. Muuguzi akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba na kuita gari la wagonjwa liwapeleke hospitali ya Njombe.

"Kichwa kisichoachia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo," alisema. "Hata moja tu likitokea, mama, msisubiri. Huyu hakunenepa. Anaumwa."

Jioni ile mtoto alitolewa kwa upasuaji: wa kike, mdogo, mwenye kilio cha hasira. Siku ya pili Mama Scolastika aliruhusiwa kuingia wodini, akaketi kando ya kitanda cha mkwewe.

"Mwanangu, ugonjwa ulikuwa usoni pako, nami nikausifia njia nzima. Nisamehe."

Anyisile akamshika mkono.

"Kichwa kilianza wiki mbili kabla sijakwambia, mama. Ulivyokuwa unafurahi, niliona aibu kusema naumwa."