Kurudi Kwenye Pasi Kubwa

Wenzake walimwita Mama Pasi. Alikuwa amezeekea kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akiingiza mashuka kwenye pasi kubwa ya umeme, huku shoga yake, Kicheko, akiyapokea upande wa pili. Mikono ilifanya kazi, midomo ikawasengenya wageni wanaofutia viatu taulo. Nyumbani hakuwa na wa kusema naye. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali.

Siku moja chuma kinachozuia vidole kiling'oka kwenye mashine. Mama Pasi akaizima.

"Iwashe! Wageni wanasubiri," alifoka msimamizi.

"Itengenezwe kwanza, bosi. Vidole havioti tena kama kucha."

Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Jioni hiyohiyo kibarua chake kikaota nyasi, bila onyo, bila kuulizwa neno.

Alipeleka malalamiko baraza la kazi, akawaomba wenzake waje waseme walichokiona. Kila mmoja aliinamisha kichwa. Kicheko alimfuata hadi getini.

"Dada, nina watoto. Nisamehe."

"Nakuelewa," alijibu. Alimwelewa kweli, ila usingizi haukuja kwa urahisi.

Barazani alikaa benchi zima peke yake. Upande wa hoteli walikuja na wakili, msimamizi na watu wa ofisini, wamejazana kama wamekuja kuposa.

"Kabla ya kumfukuza, ulimsikiliza?" mwamuzi alimuuliza msimamizi.

"Mama huyu ni mkaidi, mheshimiwa."

"Sijakuuliza tabia yake. Ulimsikiliza?"

Msimamizi akamgeukia wakili. Uamuzi ulipotoka, ulisema kukataa kazi ya hatari si utovu wa nidhamu, na kwamba mama alifukuzwa isivyo halali. Arudishwe kazini.

Alitoka nje, akatazama huku na huku, hakuona wa kumkumbatia. Akanunua soda kujipongeza, akainywa amesimama.

Aliporudi kazini, alikuta mashine imewekewa chuma kipya. Kicheko alikuwa amehamishiwa kwenye taulo, na mahali pake alisimama mwanamume asiyejibu zaidi ya "ndiyo". Wenzake walimsalimu Mama Pasi vizuri, lakini wakati wa chakula meza aliyokaa ilibaki tupu. Hakuna aliyemchukia. Waliogopa tu kuonekana naye.

Wiki ya pili Kicheko alipita akisukuma kitoroli.

"Umepungua, dada."

"Na wewe umenenepa. Taulo zimekukubali."

Kicheko alitaka kucheka. Akageuza macho kwenye dirisha la ofisi ya msimamizi, akasukuma kitoroli chake.

Jioni binti wa Mama Pasi alipiga simu. "Mama, si uliwagaragaza? Mbona sauti iko hivyo?"

"Niliwagaragaza, mwanangu. Nimechoka tu."

"Basi pumzika, tutaongea kesho."

"Usikate kwanza," alisema, akivuta kiti karibu. "Hebu niambie, leo umepika nini?"