Nasoma Digital Economy peke yangu kandokando ya Ziwa Mweru: siku niliyowasha kamera

Wakuu, muko salama? Naandika kutoka Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, huku Zambia. Haya yamenipata mwenyewe na sitayatia chumvi.

Mimi ni Mukongomani, tulikimbia vita nikiwa mutoto, kwa hiyo Kiswahili changu kina Katanga ndani. Munivumilie.

Niko nasoma Digital Economy, mwaka wa pili, online. Chuo kiko Lusaka, nilipata scholarship ya wakimbizi. Jumapili jina langu liliposomwa, kanisa zima liliimba.

Kiisha watu wakarudi kwenye kazi zao, mimi nikabaki na simu.

Hilo hakuna aliyeniambia. Ukiwa campus unakula na wenzako, munachekana. Mimi lecture naisikilizia nyuma ya nyumba, earphone masikioni, na majirani wakipita wanasema kwa Kibemba kwamba Feza siku hizi anaongea peke yake. Kwaya waliacha kuniita kwa sababu mazoezi yaligongana na darasa.

Rafiki yangu Solange ndiye alikuwa ananiuliza, "Ile digital economy njo nini?" Nikimweleza, na mimi ndipo naelewa. Akaolewa, akahamia Mununga. Basi.

Group yetu ya WhatsApp ilikuwa ya watu wanne. Wenzangu watatu wako Lusaka, voice note zao ni Kinyanja na vicheko. Mimi ni Kibemba na Kiswahili. Nilikuwa nazisikiliza hivyo hivyo, vile mutu anavyosikia redio ya jirani.

Ikaja presentation yenye marks nyingi. Topic: kwa nini wafanyabiashara wadogo wa mipakani hawana mobile money kwa majina yao.

Wakuu, nilifurahi! Hao ni mama yangu na wenzake, Wakongomani wanaouza chisense, vile visamaki vidogo vya kuanika. Niliongea nao sokoni, nikaandika sehemu yangu vizuri, nikamtumia group leader. Nitamwita Chanda, si jina lake.

Siku yenyewe network nyumbani ikafa. Nikashuka ziwani pale mitumbwi inapofikia, Mama alikuwa anageuza samaki juani. Shida ya pale ni kwamba ukisimama vibaya simu inashika rezo, yaani network, ya Congo, na bundle ya Zambia haifanyi kazi tena. Nikazunguka na simu juu kama mwendawazimu mpaka ikashika.

Nikaingia darasani kwa simu, Dokta anayetufundisha ameshaanza. Nawasikia, wao hawanisikii.

Zamu yangu ikafika. Chanda akasema mwenzao wa kijijini hapatikani, atasoma yeye. Halafu akasema kwamba hao wamama hawana mobile money kwa majina yao kwa sababu hawajui kusoma.

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba agent wetu hapa anakataa karatasi zao za ukimbizi, kwa hiyo kila mmoja anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mutu mwingine. Laini ya Mama ni ya mwenye nyumba. Akikasirika, anaweza kuifunga. Na laini niliyokuwa natumia kusomea darasani siku ile, hata yenyewe si kwa jina langu.

Nikatoka, nikaingia tena. Safari hii mic ikakubali. Nikawasha na kamera, kitu ambacho sikuwahi kufanya kwa kuogopa bundle kuisha.

Nikasema kwa Kiingereza changu: "Dokta, niko hapa. Wamama hawa wanajua kusoma. Huyu ni mama yangu, yeye ndiye anasoma Biblia kanisani kwetu. Kinachokataliwa ni karatasi yake."

Nikamgeuzia simu. Mama hakujua kinachoendelea. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akasema, "Jambo yenu bote."



Dokta akaniomba niendelee. Nikaeleza mpaka network ikakata.

Dokta akanipa marks zangu mbali na za group, tena nzuri. Chanda hakunitukana wala hakuomba samahani. Kesho yake nikakuta nimeondolewa kwenye group ya WhatsApp. Zile voice note ambazo sikuzielewa, sikujua kama kuzikosa kutaniuma hivyo.

Mama akaniuliza batu ba mu simu walisema nini. Nikamwambia nimeshinda.

"Na sasa uko unalia juu ya nini?"

"Mama, niko paka miye peke." Yaani, nimebaki mimi tu.

Akafikiri. Kiisha akavuta kiti. "Basi fundisha miye. Sitasikia yote, lakini nitaikala hapa pembeni yako."

Kwa hiyo sasa namfundisha Mama. Kuna maneno ambayo sijui kuyasema kwa Kiswahili chetu, nayazungukia. Mara nyingi anasinzia katikati. Naendelea tu.

Nilichojifunza: unaweza kusema ukweli ukapata marks na ukapoteza watu siku hiyo hiyo. Ningesema tena. Lakini nisiwadanganye wakuu, upweke haujaisha.

Kama kuna mutu humu anasoma kitu kama hiki, popote alipo, aandike hapa chini amefika wapi. Sitafuti mchumba wala connection. Natafuta mutu wa kulalamika naye juu ya assignment ya Ijumaa.