Siku Abdia Alipotaja Petroli

Abdia Galma alishika usukani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na tatu na wajukuu wawili. Watu wa Garsen walizoea kuwaona wanawake wa Kiorma wakileta maziwa kwa punda, au wakiwa wamebanana ndani ya gari la kukodi na mitungi magotini. Hawakuzoea kumwona mmoja wao akirudisha pikapu nyuma katikati ya soko, ametoa kichwa dirishani, mtandio umemwangukia mabegani. Wengine walisimama kumtazama. Shemeji yake Issack, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, hakusimama. Aligeuza uso na kumwambia mtu aliyekuwa naye, kwa sauti ya kumfikia Abdia, kwamba gari si ng'ombe, halikamuliwi.

Abdia aliendelea kurudisha gari. Alikuwa mjane kwa mwaka wa sita, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba si kila neno linalorushwa ni lazima lidakwe.

Pikapu ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya kikundi cha wanawake kumi na wanne waliokusanya maziwa kwenye maboma ya wafugaji na kuyauza Garsen na Ngao. Kwa miaka minne walikodi gari dogo la mtu wa mjini. Mwenye gari alikuja alipotaka, na asipokuja maziwa yaliganda juani, wakarudi nyumbani na mitungi ya kumwaga. Mwishowe walidunduliza mpaka wakapata pikapu kuukuu, nyeupe, iliyokwanguka rangi milangoni. Ndipo wakakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua kuendesha. Wakatazamana. Abdia ndiye aliyesema, "Nitakwenda mimi." Alikaa Malindi kwa dada yake miezi miwili, akarudi na leseni, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho chake.

Siku jambo lilipomfika ilikuwa ya kumi na moja tangu aanze kazi. Ilikuwa Januari, jua kali, vumbi la njia za maboma limekuwa laini kama unga. Alizunguka tangu alfajiri, akafika Garsen saa mbili, akawashushia wenzake maziwa ya kuuzwa mjini. Ilibaki mitungi mitano ya Ngao. Simu ikalia. Alikuwa mwenye hoteli mmoja wa huko, mteja wao mkubwa, akisema kwamba maziwa yasipofika mapema atapikia chai ya unga wa kopo, leo na siku zinazofuata. Abdia aliingia kwenye kituo cha mafuta simu ikiwa bado sikioni, mshale wa mafuta umelala chini.

Aliyekuwa kwenye pampu ni Mahmud, mtu mzima mpole, baba wa watoto wanne, aliyeanza kazi pale mwezi ule. Hakuwa amewahi kuihudumia pikapu ile.

"Nikuwekee nini, mama?"

"Petroli. Jaza."

Mahmud aliitazama pikapu, kisha akamtazama yeye. "Petroli?"

"Petroli, Mahmud. Nimechelewa."

Gari la kukodi lilikuwa la petroli. Kwa miaka minne Abdia ndiye aliyekaa mbele, na kila asubuhi ndiye aliyetoa agizo kwenye pampu. Neno lilikuwa limeshazoea njia ya kutokea mdomoni mwake, likatoka lenyewe. Pikapu ilikuwa ya dizeli.

Alikwenda vizuri kwa kilomita chache, maana kwenye mabomba bado kulikuwa na dizeli ya jana. Kisha injini ikaanza kugonga, kama mtu anayebisha mlango kwa ufunguo. Nguvu zikapungua. Akabadilisha gia, haikusaidia. Moshi ukatoka nyuma, pikapu ikatikisika mara tatu, ikazima kando ya shamba la migomba.

Akawasha. Ikanguruma kidogo, ikafa. Akawasha tena. Safari hii haikunguruma kabisa. Akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, akainama. Harufu ilimpanda puani, na papo hapo akaisikia sauti yake mwenyewe kule kwenye pampu, akimjibu Mahmud kwa haraka ya mtu anayejua. Akakaa chini kwenye kivuli cha gari. Hakuwaza injini kwanza. Aliwaza wanawake kumi na watatu, kisha akawaza uso wa Issack.

Alipoinuka alimpigia Tsuma, fundi wa Kigiriama mwenye gereji kando ya barabara ya Garsen.

"Umewasha mara ngapi baada ya kuzima?" Tsuma aliuliza.

"Mara mbili."

"Usiwashe tena. Hata akija mtu akakwambia anajua magari, mkatalie. Mimi niko chini ya lori hapa, nipe saa mbili hivi."

Abdia alichomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la mtandio ili mkono usije ukamshawishi. Kisha akagusa mitungi. Ilikuwa imefukizwa moshi vizuri, na maziwa yaliyotiwa kwenye mtungi uliofukizwa huvumilia, lakini hayavumilii jua la Januari mpaka mchana.

Nyuma ya migomba kulikuwa na kijiji kidogo cha Wapokomo. Abdia alikijua kwa kukipita tu. Tangu mwaka ule wa mapigano baina ya wafugaji na wakulima, zaidi ya miaka kumi iliyopita, hakuwa ameweka mguu pale. Hakuna aliyemkataza. Njia ilikuwa imeota majani, basi, kama njia yoyote isiyokanyagwa.

Alikuwa bado akijishauri alipotokea mwanamke wa makamo kutoka shambani, panga mkononi, mkungu wa ndizi kichwani. Watu walimwita Mama Ishmael. Alisimama, wakasalimiana, wakaulizana hali kama ilivyo ada.

"Gari limekufa?"

"Limekufa," Abdia alisema. "Nimelitia mafuta siyo." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na alishangaa kwamba ardhi haikupasuka.

Mama Ishmael alishusha mkungu, akaangalia nyuma ya pikapu. "Na hayo ni maziwa?"

"Ya Ngao. Fundi yuko mbali."

"Basi yachemshwe. Yakikaa hapo utayamwaga, na mimi sitaki kuona maziwa yakimwagwa mbele ya shamba langu."

Akapaza sauti kwa lugha yake, na wanawake wanne wakatoka majumbani. Wakaibeba mitungi wawili wawili mpaka uani. Hapo Mama Ishmael akasita, akamgeukia Abdia. "Sufuria zetu ndogo hazitoshi. Kubwa tulizonazo ni za kanisa. Hupikiwa wali na maharagwe siku za harusi na matanga, hakuna kingine. Utajali?"

"Zimeoshwa?"

"Zimeoshwa."

"Basi lete, dada."

Mafiga yakapangwa, kuni zikawaka. Abdia alikunja mikono ya dera akakaa kando ya sufuria mojawapo na upawa, akikoroga na kuteremsha povu kila lilipotaka kumwagika. Walizungumza habari za mvua iliyokataa, mahindi yaliyokauka, viboko waliokula mpunga. Mama Ishmael alisema kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa na rafiki wa Kiorma aliyemletea maziwa kila wiki na kuondoka na ndizi na mahindi. "Tukimwona tu kwa mbali, sisi watoto tunakimbilia vikombe. Jina lake limenitoka. Nakumbuka alikuwa mrefu na hakupenda kukaa."

"Wengi wetu hatupendi kukaa," Abdia alisema, na wanawake wakacheka.

Kila mmoja pale alikuwa na lake la kuomboleza kutoka mwaka ule. Hakuna aliyelitaja. Lakini walipomaliza kuchemsha, mmoja wao alileta maji baridi ya kisima kwenye karai ili sufuria zikae ndani zipoe upesi, na hakungoja kuombwa.

Tsuma alifika kwa pikipiki, amefunga mitungi miwili ya dizeli nyuma. Kitu cha kwanza alichouliza ni umbali wa moto. Akauona uko mbali, akaridhika, akalala chini ya gari.

"Mimi nadhani huwa mnamlipa fundi akafanye na nyinyi mkakae kivulini," alisema kutoka chini. "Leo utafanya na mimi, mama. Gari la kazi kama hili litakuzimia tena, kwa hili au kwa lingine."

Wakafungua nati ya chini ya tangi, petroli ikamiminika kwenye madebe. Hawakuacha hata tone liingie shambani. Tsuma akasafisha tangi kwa dizeli kidogo, akaimwaga nayo madebeni, akabadilisha chujio, akamimina dizeli iliyobaki. Kisha akamwonyesha Abdia kidude cha kusukumia mafuta kwa mkono, kilichoko juu ya chujio. "Dizeli huilainisha pampu ya injini inapopita, kama mafuta kwenye mashine ya kushonea. Petroli huikausha. Ungeendelea kuwasha, vyuma vingesagana. Umefanya vizuri kuacha."

Abdia alisukuma kwa kiganja, mara hamsini, mara mia, huku Tsuma akilegeza mipira ya mafuta mmoja baada ya mwingine mpaka hewa iishe na mafuta yatoke yakiwa mazima. Kiganja kilimwuma. Jasho lilimwingia machoni. Alipoambiwa awashe, alitoa ufunguo kwenye pindo, akasema bismillahi, akauzungusha. Injini ikazunguka bure, ikakohoa, ikazunguka tena. Mara ya nne ikashika. Moshi mweupe ukatoka mwingi, halafu ukapungua, na mlio ukatulia.

Mama Ishmael, aliyesimama kando ya migomba, alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajifunika mdomo kwa khanga kama aliyejisahau.

Ngao alifika mchana. Mwenye hoteli aliyempigia simu alikuwa ameshapikia unga wa kopo, hakununua. Wengine walinunua, wakasema maziwa yaliyochemshwa yanawapunguzia kuni. Mtungi mmoja ulibaki, na wakati wa kurudi Abdia aliushusha uani kwa Mama Ishmael. Watoto walikuwa wengi kuliko vikombe.

Garsen alikuta baraza. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekusanyika kwenye banda lao la maziwa, maana habari ya gari kuzima kwa mafuta yasiyo yake ilikuwa imetangulia. Issack alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo. Msimamizi wa kituo cha mafuta alikuwepo pia, na nyuma yake Mahmud, kofia mkononi.

"Mama, pole," msimamizi alisema. "Huyu hana hata mwezi kwetu. Kama ndiye aliyekosea, sema tu, leo hii anarudi kwao."

Mahmud hakuinua macho. "Nilisikia petroli," alisema polepole. "Lakini huenda nilisikia vibaya. Magari yalikuwa mengi."

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Abdia, na aliyeufungua ni Mahmud mwenyewe. Angepita tu. Hakuna ambaye angemwuliza zaidi. Wanawake wenzake walikuwa tayari wanatikisa kichwa kumlaumu yule mtu. Abdia alimtazama Issack, aliyekuwa akimtazama yeye.

"Hakusikia vibaya," alisema. "Aliniuliza mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia petroli. Gari ni la dizeli na mimi ndiye dereva. Mwacheni na kazi yake."

Mahmud aliivaa kofia yake, akaivua tena. Msimamizi alisema, haya basi, akaondoka naye. Wanawake wakaanza kuongea wote kwa pamoja, mmoja akiuliza hasara, mwingine akiuliza kama Abdia amekula. Yeye alingoja neno la shemeji yake kama mtu anayengoja sindano.

Issack aliinuka, akachukua bakora yake. "Na gari linatembea?"

"Linatembea."

"Nani aliyelitengeneza?"

"Tsuma. Na mimi. Nimefundishwa."

Mzee aliigonga bakora chini mara moja. "Kwangu ng'ombe watatu wamezaa," alisema. "Kesho pitia. Usije jua likiwa limeshapanda." Akatoka bila kuaga. Abdia alibaki amesimama, kiganja chake chekundu kikimwuma. Kikundi kilipoketi kuzungumzia kazi ya kesho, naye alikaa, akaomba chai.

Tangu siku hiyo pikapu ilisimama kwenye migomba kila asubuhi ikienda Ngao. Mwanzoni Abdia alishusha lita chache tu kwa Mama Ishmael na jirani zake. Kisha wanawake wa kijiji wakaanza kuchemsha maziwa yaliyokamuliwa jioni na kuyauza wenyewe, kwa sufuria walizojinunulia. Haikuwa rahisi kila siku. Palikuwa na vijana wa pande zote mbili waliouliza kuna nini, na wazee waliotaka kuelezwa. Wakaelezwa.

Aprili mvua za nyanda za juu zikaujaza mto Tana ukapita kingo. Barabara ya Ngao ikamezwa na maji, na kwa wiki nzima hakuna gari lililopita. Siku ya pili ya mafuriko Abdia aliendesha mpaka maji yalipoanzia, akasimama, akazima injini. Mitungi sita ilikuwa nyuma. Hakujua amekuja kufanya nini pale; alikuja kwa mazoea.

Ng'ambo, kati ya vilele vya mahindi vilivyochomoza majini, mtumbwi ulikuwa ukija taratibu. Mama Ishmael alikuwa amesimama nyuma na upondo mrefu, sketi ameikunja magotini, na mbele ameketi mwanamke mwingine akiyapima maji kwa fimbo. Nyuma yao ulifuata mtumbwi wa pili.

"Ngapi leo?" Mama Ishmael aliuliza alipokaribia.

"Sita."

"Tupe mitatu mitatu. Ngao wanangoja."

Abdia alivua viatu, akaubeba mtungi wa kwanza, akaingia majini.