Mashine imekatala kufuta Tata Kalonji

Leo mashine imekatala kufuta mutu mwenye tulizika juzi, ku makaburi ya Kapata.

Tata Kalonji ndiye alinifundisha kila komande ya ordinatere kubwa ya kampuni, hata hii ya kufuta jina ya mutu mu mashine, DLTUSRPRF.
Shefu ananiambia nimutoshe mu mashine.

Nikaandika komande na jina yake.
Ikakatala: huyu angali na bitu byake humu.
Nafungua liste… programu zote tunatumika nazo, mwenyewe ni yeye!

Shefu, nyuma yangu: "Mama Ngalula, andika mwenyewe mupya wa hizi programu, tumalize."

Kilio haiyaisha, jamani. Ninyi mungeandika nani?

Nikaweka jina yangu. Mashine ikamufuta palepale.

Nikageuka ku kiti yake, kama kawaida, nimuulize kama nimeandika muzuri.