Chungu Kimoja cha Mama Bibiana

Mwaka 1955 mume wangu, Dionizi, alitolewa figo moja katika hospitali ya misheni. Tulirudi naye kijijini kwetu Kakese ndani ya lori, amekaa juu ya magunia ya mpunga. Daktari alituonya, mimi na mama mkwe wangu, Bibiana: figo iliyobaki inafanya kazi ya mbili, asile chumvi kabisa. Akivimba miguu, ni hatari.

Kwetu wanaume hula barazani, ugali mmoja, bakuli moja la mboga. Nilitaka kumpikia Dionizi chake pembeni. Mama akakataa. "Ukimlisha peke yake atajiona ametengwa. Hatashiba."

Basi akapika chungu kimoja bila chumvi, tule wote. Perege wabichi aliwaunga kwa karanga, kuku akamkamulia limau. Migebuka, samaki wakavu wa chumvi walioletwa na wageni, aliwapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akawagawa kwa majirani.

Shemeji yangu Venansi aliguna siku ya kwanza. "Mama, chumvi imesafiri?"

"Imekwenda Uvinza kusalimia kwao. Kula."

"Itarudi lini?"

"Muulize kaka yako mguu wake."

Venansi akala. Kesho yake akaja tena.

Kila asubuhi mama alibonyeza mguu wa Dionizi kwa kidole gumba. Wiki ya tatu shimo la kidole likabaki: mguu umevimba. Dionizi akageukia ukutani. Lori la kwenda hospitali lilikuwa la wiki iliyofuata. Niliapa sijatia chumvi, lakini mama hakuwa ameniuliza. Aliingia jikoni akaonja kitu kimoja kimoja: unga, karanga, maji ya mtungi. Akafika kwenye kibuyu cha maji ya majivu, yale tunayochuja ya kulainishia mlenda na majani ya kunde. Sisi hatukuyahesabu kuwa chumvi. Chumvi ni ile nyeupe ya dukani.

Alichovya kidole akalamba, akalamba tena.

"Mama Cecilia," akaniita, "hebu onja."

Nikaonja. Yalikuwa na chumvi, ulimi ukakaza.

"Ni mimi," akasema. "Kila siku nimemtilia kwa mkono wangu."

Akatoka barazani akamwambia Dionizi hivyohivyo, Venansi akisikia. Sijaona mtu mzima mwingine wa umri wake akikiri kosa mbele ya wanawe bila kutafuta wa kumsukumia. Kisha akamwaga kibuyu chote nyuma ya nyumba. Tangu hapo majani ya kunde aliyatwanga kwanza, kwa kuwa bila majivu hayalainiki, na kinu chake kililia kabla sijaamka kumnyonyesha mtoto.

Siku lori lilipokuja, alibonyeza mguu. Nyama ikarudi. Akabonyeza na wa pili.

"Nendeni akamwone daktari," akasema, "lakini ale kwanza. Venansi, leta maji kaka yako anawe."

"Leo mboga gani, mama?"

"Kunde."

Venansi akacheka, akanawa na yeye.